Viti Vinne Vitupu



Leo sina waadhi wa kukupa. Nina khabari ya kilomita nane tu, na khabari yenyewe hainisifu. Lakini nimeona ni afadhali nikusimulie kama ilivyokuwa, kuliko kukuhutubia nikajifanya kwamba mimi simo.

Kilomita hizo nane ni za kutoka nyumbani kwangu Kisauni mpaka kazini kwangu upande wa Kilindini, kisiwani Mombasa. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizipita kwa baiskeli miaka mingi. Alivuka kwa daraja la kuelea la Nyali, lile lililowekwa mwaka 1931 na lililokuwa likipanda na kushuka pamoja na maji, na lilipofunguliwa daraja hili la saruji mwaka 1980 akalivuka kwa baiskeli ile ile. Sikumbuki kumsikia akiilalamikia njia. Alichokuwa akikilalamikia ni upepo wa kusi, unaompiga mtu usoni akielekea mjini. Mimi mwanawe, niliyesomeshwa kwa jasho la baiskeli hiyo, mwaka 2018 nikanunua gari.

Kusema haki, sikulinunua kwa haja tupu. Haja ilikuwapo, kwani mama yangu alikuwa mgonjwa na tuk-tuk usiku hazipatikani kila mara. Lakini nusu ya haja ile ilikuwa ni nafsi. Nilitoa akiba ya miaka sita, na kilichopungua nikakopa kwa shemeji yangu, nikaleta Toyota Probox iliyokwishatumika Japani. Jioni ile watoto wa mtaa walilizunguka gari, na msikitini watu walinipa mikono kana kwamba nimerudi Hija. Nafsi ikanenepa. Tangu siku ile sikupanda tena matatu kwenda kazini, hata siku ambazo gari halikuwa na haja yoyote ya kutoka.

Sasa, nina jirani, mtu mzima, ambaye mtaa mzima tumezoea kumwita Ami. Alikuwa mweka ghala huko huko Kilindini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini kwetu. Kila alfajiri tukisali safu moja, na mara nyingi bega kwa bega, kwani sote wawili tunapenda upande wa dirisha. Tukishatoa salamu tunapeana mikono, tunaulizana hali, kila mtu anakwenda kwake kunywa chai. Ikifika saa kumi na mbili na nusu natoka mimi na gari langu, kiti kimoja kina mtu na viti vinne vitupu. Nafika steji, namkuta Ami amesimama na mkoba wake, nampita.

Nampita, ndugu yangu. Si siku moja wala mbili. Nilimpita miaka minne.

Nisingependa udhani kwamba nilikuwa nikimdharau. La hasha. Nilikuwa na nyudhuru zangu, na kila moja ilikuwa imevaa nguo safi. Nikisema: akitaka kupanda si angeniambia? Nikisema: nikimchukua yeye leo, kesho nitachukua steji nzima. Nikisema: nina haraka. Na haraka yenyewe ilikuwa ya kwenda kukwama Kongowea kabla ya kuingia darajani, ambako Ami na matatu yake walikuwa wakinikuta nikingali pale pale, na wakati mwengine kunipita.

Asubuhi moja ya masika, mwaka 2022, mvua ilikuwa ikimwagika, na njia ya Kisauni ikishanyesha unaijua ilivyo. Ami alikuwa amesimama chini ya bati la duka, suruali imeroa mpaka magotini. Tulionana macho kwa macho. Mimi nikajitia naangalia kioo cha pembeni. Jioni yake, baada ya Isha, akanifuata, nikajua leo yamenifika. Akanishika mkono, akasema: "Nilikuona asubuhi mwanangu. Alhamdulillahi, gari lako halikuzimika majini. Nilikuwa na khofu nawe."

Hakuwa akinitupia kijembe. Mtu yule hajui vijembe. Alikuwa kweli ameniombea dua.

Siku chache baadaye mama watoto alirudi kutoka kwenye nyumba ya harusi, walikokuwa wakichambua mchele, akaniambia aliyoyasikia kwa mke wa Ami. Ami alikuwa amepewa barua ya pili ya onyo kwa kuchelewa kazini. Ghala lao likifunguliwa saa moja na nusu, na matatu za saa ile hujaa zikiwa mbali, zikapita steji yetu bila kusimama. Akipata barua ya tatu, kazi imekwisha. Naye alikuwa amebakisha miaka miwili kustaafu na kupata haki yake. Kwa nini hakuniambia? Mkewe alisema alimwambia mara moja, akajibiwa kwamba mtu asiyekaribishwa hagongi mlango wa gari.

Utadhani sasa nitakwambia kwamba kesho yake nilisimamisha gari. Sikusimamisha. Nilihuzunika sana, nikaazimia moyoni, na asubuhi ilipofika mkono ukashika usukani, mguu ukakanyaga, na gari likapita steji kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nilipokumbuka nilikwishafika Kongowea. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo waadhi wengi, na mimi mmoja wao, hatulifahamu: mtu anaweza kuijua haki, akaipenda, akailia, na asiitende, kwa sababu siku yake imepangwa namna nyingine na mazoea yamekwishamtangulia njiani.

Aliyenisaidia si moyo wangu, ni klachi. Iliungua. Fundi akasema kifaa kinangojewa kutoka Nairobi, na gari likalala gereji siku tisa.

Siku ya kwanza nikasimama steji. Ami aliponiona alifurahi kama aliyepata mgeni. Akanisogeza mbele, akaniingiza kwenye matatu kwa mkono wake, na makanga alipokuja kudai nauli mimi nilikuwa na noti ya shilingi elfu, asubuhi ile, na makanga hakuwa na chenji. Ami akanilipia. Nilikaa na shilingi zake tumboni mwangu mpaka mjini. Toka dirishani nilianza kuhisabu magari yaliyosimama nasi, niyajue mangapi yamebeba mtu mmoja kama langu, nikaacha kuhisabu kabla hatujafika darajani. Matatu yetu ilikuwa na watu 14, ndiyo idadi iliyowekwa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004. Na gari langu likiwa na mimi peke yangu huchukua barabarani nafasi inayokaribia ya matatu ile. Tunayemlaani kila asubuhi kwa kutuzibia njia ndiye sisi.

Jambo hili la kulazimishwa kubadili njia limechunguzwa huko Uingereza. Mwezi wa Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London waligoma siku mbili, stesheni nyingi zikafungwa, na watu wakalazimika kutafuta njia nyingine za kwenda kazini. Mgomo ulipokwisha, yapata mtu mmoja katika kila 20 hakurudi tena kwenye njia yake ya zamani. Walikuwa wakiipita kila siku wakidhani ndiyo bora, na hawakuwahi kuonja nyingine. Lakini tazama na upande wa pili: 19 walirudi. Na mimi, gari lilipotoka gereji, ningerudi katika wale 19, lau si jambo lililotokea ofisini.

Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini. Ina nafasi nane za kuegesha magari, na kwa wengine mkubwa wetu alikuwa amekodi uwanja wa jirani, akiulipia kila mwezi. Nafasi zikawa hazitoshi, watu wakagombana, mmoja akamzibia mwenzake mpaka ikaitwa mikutano. Katika mkutano mmoja binti wa idara ya hisabu, ambaye huja kwa matatu, akanyoosha mkono akauliza kwa adabu: "Bwana mkubwa, wenye magari mnawalipia uwanja. Sisi tusiokuwa na gari mnatulipia nini?" Watu wakacheka. Mkubwa hakucheka. Ni mtu wa biashara, na alitambua kwamba ameulizwa swali la pesa.

Binti yule alikuwa amesoma mambo hayo. Alitueleza kwamba huko California ilitungwa sheria mwaka 1992, kuwa tajiri anayemkodia mfanyakazi wake mahali pa kuegesha gari ampe khiari: achukue mahali, au achukue pesa zake aje kazini kwa namna nyingine. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Los Angeles akachungua sehemu nane za kazi zilizofanya hivyo, na mwaka 1997 akaandika aliyoyaona: katika kila wafanyakazi 100, waliokuwa wakija peke yao garini walikuwa 76, wakashuka hadi 63. Hakuna aliyewahutubia. Hakuna aliyenyang'anywa gari. Ilifunuliwa bei tu ya kitu walichodhani ni cha bure. Na kabla ya hapo, mwaka 1973, huko Minnesota, kampuni ya 3M ilikuwa imenunua magari sita ya abiria ikawapa wafanyakazi wake waje kazini makundi makundi, kwani ilikuwa imeelemewa na magari yaliyotaka kuegeshwa.

Basi mkubwa wetu akaacha kuukodi ule uwanja, na pesa zake akazigawa kwa wafanyakazi wote sawasawa kila mwezi, mwenye gari na asiyekuwa nalo. Zile nafasi nane za ndani akasema ni za gari litakaloingia na watu watatu au zaidi. Anayekuja peke yake ajitafutie mjini na ajilipie. Na saa za kazi akazigawa mafungu mawili: wanaotaka waanze saa moja na nusu watoke saa kumi, na wengine waanze saa mbili na nusu watoke saa kumi na moja, ili tusiwe sote tunagombea daraja kwa dakika moja.

Mimi nikachagua saa moja na nusu. Sikuchagua kwa ucha Mungu, nilichagua kwa sababu ya kile kivuli cha mwembe katika zile nafasi nane. Nilikuwa nahitaji watu. Asubuhi ya siku ya kwanza nikasimama steji, nikafungua mlango, nikamwambia Ami, "Ingia, ami yangu, nihurumie." Akaingia. Hakuuliza kilichonibadilisha. Ni kweli kwamba Ami si wa ofisi yetu, lakini mlinzi wa langoni alihisabu vichwa tu, na mimi nilikuwa nimekwishapata wengine wawili, wenzangu wa Bombolulu, ambao kila mmoja wao alikuwa na gari lake akija nalo peke yake. Magari matatu yakawa moja, tukapokezana wiki kwa wiki.

Usinidhanie kwamba mambo yalikwenda kama maji ya mtaro. Mwezi wa kwanza ulitaka kutuvunja. Mmoja hakujua kuamka. Tukimngojea nje huku Ami anaangalia saa, na barua ya tatu iko machoni pake. Mwisho tukaagana kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili na robo, aliyekuwapo yupo na asiyekuwapo akapande matatu, na tusilaumiane. Mwengine alitaka khabari za mpira, na Ami anataka Qur'ani. Tukaamua kwenda ni Qur'ani na kurudi ni mpira, na siku hizi Ami anajua msimamo wa ligi ya Uingereza kuliko mimi.

Likaja na suala la wanawake, ambalo katika nyumba zetu halipuuzwi wala haifai lipuuzwe. Binti wa hisabu alisema wazi kwamba hatapanda gari akabaki na mwanamume mmoja njia nzima, na mama yake hatakubali. Alikuwa na haki. Bibi mmoja wa ofisi anayeendesha gari akitoka Bamburi akawakusanya wenzake watatu, wakawa na gari lao, na kwa ninavyosikia ndilo gari lenye maneno mengi zaidi katika daraja la Nyali. Kama wewe una ofisi na unataka kuanzisha jambo kama hili, lianzie hapo. Waulize wanawake kwanza, kwani wao ndio wanaosukumwa na kushikwa shikwa katika misukumano ya steji, na ndio ambao gari la mtu wasiyemjua huwatisha zaidi.

Na pesa? Hatutozani nauli. Bima ya gari la binafsi si ya kubebea abiria wa kulipa, na ajali ikitokea mtu anaweza kujikuta hana bima. Tunapokezana magari, basi. Ami, ambaye hana gari, alikataa kupanda bure. Kila Jumatatu huja na kifurushi cha mahamri ya mkewe, na wallahi sidhani kuna petroli yenye thamani hiyo.

Mwenzetu mmoja akaaye Likoni alichekesha. Miaka yote alikuwa akipanga foleni na gari lake kwenye feri, analipa na kungoja, huku wapitao kwa miguu wanavuka bila ya kulipa na bila ya kungoja sana. Alipoanza kupewa pesa zake za uwanja ndipo alipokumbuka kwamba ana miguu. Na kijana mmoja wa makarani amerudia baiskeli; mkubwa amempa mahali pa kuifungia na bomba la kuogea. Yeye anasema darajani ndipo panapomtisha, kwa malori. Hapo ofisi haiwezi kitu, ni kazi ya serikali.

Niliketi siku moja nikapiga hisabu yangu mwenyewe. Kwenda na kurudi ni kilomita 16. Katika msongamano ule lita moja hunipeleka kama kilomita kumi, na kwa mwaka natoka siku zipatazo 280. Hizo ni lita 450 hivi. Ilipofika Septemba 2023 petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita: kwa mwaka ni kama shilingi 90,000, na deni la shemeji lilikuwa bado. Kila lita ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za gesi ya kaboni, kwa hiyo mimi peke yangu, kwa ajili ya kukaa na viti vinne vitupu, nilikuwa nikipandisha hewani tani nzima kila mwaka. Wavuvi wetu wanaukumbuka mwaka 1998, maji yalipopata joto hata matumbawe ya pwani hii yakageuka meupe na mengi yakafa. Joto la mwaka ule lililetwa na El Niño, lakini bahari inayozidi kupata joto kwa moshi wa wanaadamu hulifanya kila joto la namna ile kuwa kali zaidi. Tani yangu ni tone. Hata hivyo ni tone langu, nitaulizwa mimi.

Na si kwamba dini haikuwa imenifundisha. Katika Sahihi ya Muslim imo khabari ya Abu Said al-Khudri, kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), akaja mtu juu ya mnyama wake akitazama kulia na kushoto, na Mtume akawaamrisha wenye mnyama wa ziada wampe asiyekuwa na mnyama. Na walipotoka kwenda Badr walikuwa watu zaidi ya 300 na ngamia 70, wakawa watatu kwa ngamia mmoja, wakipokezana. Na Mtume mwenyewe alishirikiana na Sayyidna Ali na Abu Lubaba, na zamu yake ya kwenda kwa miguu ilipofika akakataa kuachiwa. Khabari hizi nilizisoma chuoni nikiwa mdogo, nikazihifadhi, na nikampita Ami nazo miaka minne.

Barua ya tatu haikuja. Ami alistaafu mwaka 2024 akapewa haki yake, akaezeka nyumba yake mabati mapya. Siku ya mwisho ya kazi alishuka Kilindini, akazunguka upande wangu, akatoa mfukoni shilingi hamsini, akanambia nimpe chenji ya nauli ya siku ile aliyonilipia. Tulicheka mpaka gari la nyuma likatupigia honi.

Kiti chake sasa anakikalia mtoto wa jirani, aliyeanza kazi bandarini mwaka huo huo. Hulala tangu Kisauni mpaka Buxton, kichwa kwenye kioo. Alfajiri Ami huniuliza, tunapopeana mikono, kama kijana amewahi gari.